Ukuta wa Nyuma

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, msichana mmoja wa darasa la sita alifagia uwanja, akaosha vyombo vya chai, kisha akauliza maswali. Kazi hiyo ya mwisho hakuagizwa na mtu, lakini ndiyo aliyoifanya kwa bidii kuliko zote. Kwa nini maji hupiga kelele kabla ya kuchemka? Kwa nini jogoo wa jirani huwika hata saa saba mchana, anamwamsha nani? Nyumbani walichoka, wakambandika jina la Kwanini, naye akaitika bila kinyongo.

Baba yake alikuwa fundi saa, mwenye kibanda kidogo sokoni. Mama yake alikuwa muuguzi, leo zamu ya mchana, kesho ya usiku. Na Bibi, mzaa Baba, alikuwa akiishi kwa Shangazi, huko ghorofani, ambako magoti yake yalikuwa yamegombana na ngazi. Akishuka, hapandi, akipanda, hashuki. Ndipo Baba na Mama wakaamua kuongeza chumba ubavuni mwa nyumba, cha msingi wa mawe na kuta za matofali, ili Bibi ahamie kabla ya mvua kuanza.

Basi wakaanza kutafuta fundi. Wasiojua hudhani hilo ni jambo dogo. Watu wanaojiita mafundi wamejaa tele; wa kumkabidhi nyumba yako ndiye adimu.

Wa kwanza alikuja amevaa viatu vinavyong'aa. Hakuingia hata uwanjani. Alisimama langoni, akatazama kwa mbali, akasema, "Kazi ndogo hii, mzee. Nipe malipo yangu yote leo, wiki ijayo mama anahamia."

"Tuone kwanza ulizojenga," Baba alisema.

Fundi akatoa simu, akaanza kupitisha picha kwa kidole: nyumba nzuri, nyumba nzuri zaidi, jumba. Kwanini alichungulia chini ya kwapa la Baba.

"Shikamoo, Fundi. Samahani, mbona paa la nyumba hii lina theluji?"

Fundi alikohoa. Akakumbuka kwamba kuna mtu anamsubiri mahali, akaondoka na viatu vyake.

"Chema chajiuza, kibaya chajitembeza," Mama alisema, akacheka hadi akashika mbavu.

Aliyewaelekeza kwa fundi wa pili ni mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mzee mrefu, mwembamba, aliyenyooka kama vyuma anavyouza. Watu walimwita Mzee Nondo. Mtu akitaka kujenga pale mtaani, hupita kwanza dukani kwake na kuuliza, "Mzee, nimchukue nani?" Naye akikutaja, umepata kazi, asipokutaja, utakaa na mwiko wako nyumbani.

"Mchukue Fundi Timazi," alimwambia Baba. "Ni mwanamke, nakwambia mapema usije ukashtuka. Yeye anajenga, mumewe anamkorogea udongo. Watu huwacheka, lakini kuta zao hazichekeshi."

Fundi Timazi alikuja siku ya pili, mama mnene mwenye sauti ya kufika mtaa wa tatu. Shingoni alining'iniza kamba yenye kipande cha chuma kizito. Hiyo ndiyo timazi yenyewe, ambayo fundi huiteremsha kandokando ya ukuta kuona kama umesimama wima au umelewa. Nyuma yake alikuja mumewe, akisukuma baiskeli.

"Huyu ni Bwana Koroga," Fundi alisema. "Husema neno moja kwa siku, na la leo ameshalisema tulipoamka."

Bwana Koroga alitabasamu, akaegesha baiskeli.

Huyu fundi hakutazama kutoka langoni. Alipiga magoti, akachimba kidogo kwa kijiti, akaufikicha udongo kati ya vidole. Akauliza maji ya mvua hupita wapi. Akauliza Bibi hutembea na mkongojo au hujishikia ukutani. Kwanini alimtazama kwa mapenzi makubwa. Hatimaye alikuwa amepata mtu mzima anayeuliza maswali kumzidi yeye.

"Tungependa kuona nyumba uliyojenga," Baba alisema.

"Mpya, au iliyokwisha kunyeshewa?"

"Iliyonyeshewa," Baba alijibu, na usoni mwake ukaona kabisa kwamba mwanamke huyu ameshapata kazi.

Wakaenda wote mpaka kwenye nyumba ya mwalimu mmoja mstaafu. Fundi Timazi akatoa msumari mfukoni, akampa Kwanini. "Haya, kwaruza pale kati ya tofali na tofali. Usiuonee huruma."

Kwanini alikwaruza. Msumari uliteleza, ukaacha mstari mweupe tu. Njiani kurudi, Fundi alimwonyesha ukuta wa uzio uliokuwa kando ya barabara, akamwambia akwaruze na huo. Msumari ukazama, na vumbi likamiminika hadi kwenye kandambili zake.

"Nani aliujenga huu?" Kwanini aliuliza.

"Namjua, lakini simtaji," Fundi alisema. "Sisi mafundi tunakula kwa jina, mwanangu. La mwenzangu sitalichafua njiani."

Walipofika nyumbani wakapatana. Malipo yatakwenda kwa hatua: msingi ukiisha, kuta zikiisha, paa likiisha. Fundi ataleta mikono yake na ya mumewe. Baba atanunua vifaa kwa Mzee Nondo.

"Na kuna kazi moja si yangu," Fundi alisema. "Kunywesha ukuta. Asubuhi na jioni, kila siku, kila upande, mpaka nitakaposema basi. Hiyo ni ya mwenye nyumba, maana mimi jioni niko kwangu."

Baba aligeuka akamtazama Kwanini, na Kwanini akajua kazi imempata mwenyewe.

"Lakini kwa nini tuunyweshe maji," aliuliza, "wakati tunataka ukauke?"

Fundi Timazi alimtazama kana kwamba amepewa zawadi. Vifaa vilipofika na karai la kwanza kukorogwa, alichota udongo wa kujengea kwenye karai la mumewe, ule mchanganyiko wa mchanga, saruji na maji, akafinyanga vibonge viwili. "Hiki weka ndani ya kopo la maji. Hiki weka juani. Usiniulize mimi; baada ya siku kadhaa viulize vyenyewe."

Kazi ikaanza. Mawe ya msingi yalikuja, mengine makubwa kama mito ya kulalia, na Fundi aliyageuza kila moja mara mbili tatu kabla ya kulilaza, akitafuta upande linaotaka kulalia. Kisha yakafuata matofali. Kwanini alishangaa kuona yanazamishwa kwenye pipa la maji kabla ya kujengwa.

"Tofali lina kiu," Fundi alieleza. "Ukilijenga kavu, litanyonya maji yote ya udongo."

Alikuwa na mtindo wake. Alifunga uzi kutoka pembe hadi pembe, akajenga mstari mmoja wa matofali kuzunguka kuta zote za chumba, ndipo akapanda mstari wa pili. Hakujenga ukuta mmoja hadi juu na kuziacha nyingine. Karai la Bwana Koroga lilimfuata mbele, ubavuni, nyuma, kama anayegawa uji kwa foleni. Na mdomo wa Fundi haukupumzika.

"Watu husema usipoziba ufa utajenga ukuta," alisema siku moja. "Mimi huwaombea wasizibe. Wakiziba wote, nitakula nini?"

Kuta zilipofika juu ya madirisha, alisimamisha kazi. "Sasa zipate nguvu kabla ya kuwekewa lenta, ule mkanda wa zege na vyuma wa juu ya madirisha. Naenda kwa mteja mwingine kukarabati kisima, nitarudi Jumamosi. Kwanini, maji."

"Ndiyo, Fundi."

Siku za mwanzo Kwanini alimwagilia kama alivyoagizwa. Ukuta wa mbele ulikuwa raha: bomba liko hapo hapo. Wa ubavuni nao haukuwa na shida. Tatizo lilikuwa ukuta wa nyuma. Huko kulikuwa na uchochoro mwembamba kati ya chumba na ua wa jirani, na ua wenyewe ulikuwa wa miiba. Ndoo ilibidi izungushwe nyumba nzima, upite kiubavu, miiba ikuvute gauni, na nusu ya maji yaishie miguuni. Kuingilia ndani hakukuwezekana, kwa kuwa kumejaa kifusi na mbao za jukwaa. Na wakati huo huo, nje, wenzake walikuwa wakiruka kamba na kumwita.

Siku ya tatu alisimama na ndoo yake, akajiuliza: ukuta si ni mmoja umezunguka? Maji ya mbele si yatapita ndani kwa ndani mpaka nyuma? Akajijibu kwamba yatapita. Jibu likampendeza mno, na jibu linalotupendeza mno aghalabu halijachunguzwa. Akamwaga ndoo mbele, akakimbilia kamba.

Jioni Baba alirudi, akaona ukuta wa mbele unang'aa kwa maji.

"Umemwagilia?"

"Ndiyo, Baba."

Na kesho yake vivyo hivyo. Kila jioni lile "ndiyo" lilitoka kwa wepesi zaidi ya jana.

Ijumaa mchana Mzee Nondo alikuja mwenyewe na mkokoteni wa vyuma vya lenta. Baba alikuwa nyumbani siku hiyo. Mzee akazunguka nyuma kupima urefu, na huko, kwa mazoea tu, akachomoa ufunguo na kukwaruza kati ya matofali. Kwanini alimsikia akiita kwa sauti ambayo si ya kawaida yake.

"Njoo uone hapa."

Baba alikwenda. Ufunguo ulikuwa umezama, na vumbi lilikuwa linashuka ukutani.

"Mimi nilikuuzia saruji ya kutosha chumba hiki na kingine kidogo," Mzee Nondo alisema. "Haimo humu. Imekwenda wapi? Na sasa nakumbuka, juzi nilimwona mume wake na mfuko umejaa nyuma ya baiskeli."

Baba alikuwa mtu mpole, lakini mpole akikasirika ni hatari. Uso ulimbadilika. "Nimemfungulia nyumba yangu. Nimemlisha mezani kwangu. Kesho akija, nampa malipo ya alipofikia, kisha nje."

"Na mimi jina lake halitatoka mdomoni mwangu tena dukani," Mzee Nondo alisema. "Bali litatoka kwa njia nyingine. Kila atakayeniuliza nitamwambia."

Akaondoka kwa hatua ndefu. Kwanini alibaki ameduwaa. Fundi Timazi, mwizi? Yule ambaye hakutaka hata kumtaja fundi mbovu wa barabarani? Moyo wake ulikataa katakata. Lakini vumbi lilikuwa pale chini, na vumbi halina sababu ya kusema uongo. Basi akafanya anachokijua. Akachukua msumari, akaenda kuuliza.

Alianza mbele. Msumari uliteleza. Akaenda ubavuni, ukateleza. Akafuata mstari mmoja wa matofali kwa kidole mpaka pembeni, akapinda kona, akajibana uchochoroni, akakwaruza mstari ule ule upande wa nyuma. Ukazama.

Ajabu. Akajaribu mstari wa juu yake: mbele mgumu, nyuma vumbi. Na wa juu zaidi: vivyo hivyo. Kwa nini mwizi aibe saruji kwenye ukuta wa nyuma peke yake? Na angewezaje? Karai lilikuwa moja, lilizunguka kuta zote kwa kila mstari; hata kama saruji ingepunguzwa, ingepungua kote. Kwanini alichangamka, damu ikamwenda mbio kwa furaha. Fundi hakuiba. Alikuwa na uthibitisho, na atamwambia Baba sasa hivi.

Lakini swali halikuwa limeisha. Kama udongo ulikuwa mmoja, basi upande wa mbele ulipata nini ambacho wa nyuma haukupata?

Kisha akaenda taratibu mpaka dirishani jikoni, kwenye vibonge vyake viwili. Cha kwenye kopo la maji alikigonga sakafuni, kikalia kama jiwe. Cha juani alikiminya kwa vidole viwili tu, kikamomonyoka.

Akarudi uchochoroni akaketi chini. Jua la alasiri lilikuwa linaupiga ukuta wa nyuma moja kwa moja, kama lilivyoupiga kila siku wakati yeye anaruka kamba. Aliogopa, na zaidi ya kuogopa alijionea aibu. Mwenye kosa la vumbi lile, aliyekuwa akimtafuta, alikuwa ameketi pale pale, na msumari mkononi.

Akainuka, akaanza kubeba maji. Ndoo baada ya ndoo, alipita kwenye miiba bila kuijali, akaumwagilia ukuta wa nyuma hadi uchochoro ukawa tope. Halafu akakwaruza tena. Sasa vumbi lilitoka likiwa limelowa.

Mama alimkuta huko aliporudi kazini. "Una nini? Mikono yote imechanika."

"Hakuna kitu, Mama."

Mama alimpaka dawa. Na Kwanini akakaa na mawazo yake. Hakuna aliyemshuku. Hakuna ambaye angemshuku kamwe. Mzee Nondo alishatoa jibu, Baba alishalikubali, na yeye alichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu. Fundi Timazi ataondoka, Bibi atapata fundi mwingine. Lakini Fundi Timazi atakwenda wapi, na jina lililovunjwa dukani mbele ya watu?

Jumamosi asubuhi sauti ilitangulia langoni. "Hodi wenye ukuta! Umelala salama?"

Hakuna aliyecheka. Baba alimpokea kwa heshima iliyokuwa baridi. "Karibu, Fundi. Twende nyuma, tuna neno."

Wakasimama kwenye tope: Baba, Mama, Fundi, mumewe, na Kwanini nyuma yao. Baba akakwaruza. Vumbi likashuka.

"Saruji yangu iko wapi, Fundi? Mzee Nondo ameukwaruza ukuta huu, na ameapa kumwambia kila atakayemuuliza. Na mfuko uliokuwa kwenye baiskeli ulikuwa na nini?"

Fundi Timazi aliukodolea macho ukuta wake. Ni Bwana Koroga aliyefungua mdomo.

"Ulikuwa na miko yetu na nyundo, na nguo za kazi chafu," alisema. "Tulikuwa tunakwenda kisimani. Mke wangu hajawahi kuchukua hata msumari wa mtu."

"Nyamaza, baba watoto," Fundi alimwambia polepole. Macho yake yalikuwa yamelowa. "Nimejenga mtaa huu tangu sijaolewa. Kama leo naitwa mwizi, sina la kujitetea. Nipeni ruhusa niondoke."

Akageuka kwenda.

"Si yeye," Kwanini alisema.

Sauti ilitoka nyembamba, kama si yake. Wote wakamtazama.

"Baba, kwaruza pale kabla ya kona, halafu baada ya kona. Ni mstari mmoja, karai moja. Mbele ni mgumu kwa sababu niliumwagilia. Huku nyuma sikuja. Nilikuja siku za mwanzo tu, halafu nikaacha. Jua liliyanyonya maji yote."

Baba alikwaruza kabla ya kona. Akakwaruza baada ya kona. Alirudia, kama anavyorudia kusikiliza saa anayoishuku. Kisha akasimama wima.

"Kila jioni nilikuuliza."

"Ndiyo, Baba."

"Ukanijibu nini?"

"Nilikujibu ndiyo." Na hapo machozi yakamshinda. "Nilikudanganya. Samahani, Baba. Nisamehe, Fundi. Jana nilijua, na jana yenyewe sikusema."

Mama alimshika bega, lakini hakumfuta machozi.

Baba alimgeukia Fundi Timazi, na mtu mzima kuomba radhi mbele ya mwanawe si jambo jepesi. "Mama, nimekukosea. Nilikuita mwizi kabla ya kukuuliza. Na nilimuuliza mtoto kila jioni bila kuzunguka nyuma hata mara moja. Naomba radhi."

Fundi alijifuta uso kwa kanga. "Nisiwafiche, nimekasirika," alisema. "Nikisema sijakasirika nitakuwa mwongo na mimi, tujaze uchochoro. Ukuta si tatizo. Mistari ya juu nitaibomoa niijenge upya, ya chini nitaichokonoa nijaze udongo mpya. Tatizo langu haliko hapa. Liko dukani kwa Mzee Nondo, na huko siwezi kwenda na mwiko."

Kwanini alielewa. Hakusubiri kuagizwa. "Nitakwenda mimi," alisema.

Baba alifuatana naye, lakini walipofika alisimama nje kidogo, akamwachia aingie peke yake. Duka lilikuwa limejaa, Jumamosi ni siku ya watu kununua mabati. Mzee Nondo alikuwa anapima misumari kwenye mizani.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Umetumwa nini?"

"Sikutumwa." Watu walikuwa wanatazama. Miguu yake ilitaka kurudi nyumbani peke yake, imwache pale. "Nimekuja kusema Fundi Timazi hakuiba saruji. Ukuta ulikuwa wa kumwagiliwa na mimi, nami sikuumwagilia, nikasema nimeumwagilia. Baba amekwaruza kuta zote, ameona. Ule mfuko wa kwenye baiskeli ulikuwa wa miko na nguo za kazi."

Alisema kwa sauti ya kusikika mpaka nyuma ya mabati, maana alihisi kwamba maneno mabaya juu ya Fundi nayo huenda yalisemwa kwa sauti hiyo. Mtu mmoja aliguna. Mwingine akasema, "Kumbe."

Mzee Nondo aliweka misumari chini.

"Jana jioni alikuja mama mmoja anataka kujengewa jiko la matofali," alisema. "Alinitajia Fundi Timazi. Nikamwambia asimsogelee." Alitikisa kichwa. "Niliukwaruza ukuta, sikumuuliza mtu. Ulimi hauna mfupa, nami kwa umri huu ningepaswa kujua."

Akafunga mizani, akawaomba wateja wamsubiri, akachukua kofia yake. "Naenda kwa huyo mama sasa hivi kabla hajampa kazi mwingine. Nawe, binti, uliyosema leo mbele ya watu si mepesi. Nimekuheshimu."

Waliporudi, Fundi Timazi alikuwa juu ya jukwaa anabomoa mistari ya juu, na Bwana Koroga anapokea matofali chini. Walifanya kazi bila kungoja habari za dukani. Kwanini aliwaeleza yote, mpaka kofia ya Mzee Nondo. Kisha akachukua patasi kuukuu, akaketi, akaanza kukwangua udongo uliokauka kwenye matofali yaliyobomolewa. Hakwenda kuruka kamba siku ile, wala kesho yake. Mikono ilimuuma, na hakulalamika.

Jioni ya Jumamosi hiyo mistari ilikuwa imerudi mahali pake, mibichi. Fundi Timazi alishuka, akaketi karibu naye juu ya jiwe lililobaki la msingi.

"Maji ni kazi yako bado," alisema.

Kwanini aliacha kukwangua. "Kwa nini unanipa tena mimi, wakati niliiharibu?"

Fundi alicheka, kile kicheko chake cha kufika mtaa wa tatu. "Nilikuwa najiuliza utauliza saa ngapi. Sikiliza, mwanangu. Mimi hutafuta watu wa kazi kama baba yako anavyotafuta mafundi. Asiyekosea sijampata bado, hata nikijitazama kwenye kioo. Ninayemtafuta ni yule ambaye akikosea atasema, hata kama hakuna aliyemwona. Wewe ulifuata swali lako mpaka likakufikisha mlangoni kwako. Wengi wakifika hapo hugeuza njia. Hata wewe ulitaka kuigeuza jana, sivyo?"

"Ndiyo, Fundi."

"Lakini hukuigeuza. Kuta za watu najenga kwa mikono yangu miwili. Jina langu siwezi kulijenga mwenyewe. Hujengwa na midomo ya wale niliowafanyia kazi, na mdomo mmoja wa uongo hubomoa ya miaka mingi. Leo wewe umenijengea pale nilipokuwa siwezi kufika. Kwa hiyo kumbuka: kazi ifanye vizuri hata upande usiotazamwa, na ukishindwa, sema mapema, kabla mwenzako hajaadhibiwa kwa ajili yako."

Bwana Koroga, aliyekuwa anaosha karai lake, aliinua kichwa.

"Kweli," alisema. Na ukitoa yale ya asubuhi, hilo likawa neno lake la siku.

Kwanini alijifuta macho, safari hii huku anacheka. Akachukua ndoo, akaijaza hadi ukingoni, akaanza kuzunguka nyumba. Alipita kiubavu kwenye miiba, polepole, maji yasimwagike, akaanzia kazi huko nyuma.